Nahamia Songea, nani atabaki na kompyuta za mtaa?

Ndugu Mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari hapa Tanga. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiomba uhamisho wa kumfuata mume wangu, ambaye kazi yake iko Songea. Barua imetoka, na shule zikifungwa mwezi wa sita natakiwa niwe nimeondoka. Furaha ninayo, lakini haijatulia, na sababu yake wengine wanaiona ndogo: ni kompyuta za watu.

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft walipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, walimu wenzangu na majirani wengi walikuwa na laptopu ambazo Windows 11 haizipokei. Ni za Core i3 ya kizazi cha tano, RAM ya GB 4, hazina TPM 2.0, kile kijenzi cha usalama ambacho Windows 11 inakidai. Kununua mpya hawawezi. Nikawawekea Linux Mint 22 ya Xfce, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kwa sababu ni nyepesi na menyu yake iko kulekule chini kushoto walikozoea. Nilianza na walimu wachache, wakaambizana. Sasa zimefika kama thelathini: za walimu, ofisi ya madrasa, dada mwenye steshenari, kikundi cha akina mama washonaji wanaoweka hesabu zao humo, na mzee mmoja mstaafu anayeandika historia ya ukoo wao. Sijamtoza mtu hata shilingi. Hata flashi ya kuwekea mfumo ni yangu.

Shida ni kwamba kila kitu kinarudi kwangu. Printa ya steshenari, HP LaserJet P1102, inaonekana kwenye orodha, kazi inaingia foleni, karatasi haitoki. Umeme ukikatika usiku, asubuhi ofisi ya madrasa wananitumia picha ya kioo cheusi chenye neno (initramfs). Mwalimu mwenzangu anafungua mtihani uliotungwa kwenye Word, kurasa nne zimekuwa tano na maswali yamehama. Mwingine anaandika nywila sahihi, lakini mfumo unamrudisha palepale pa kuingilia, kumbe diski imejaa. Simu nazipokea nikiwa darasani, nikiwa jikoni, saa tano usiku.

Yupo kijana aliyemaliza kidato cha sita, ana moyo wa kujifunza. Lakini aliitwa steshenari kwa ajili ya hiyo printa tu, akaona njia fupi ni kupiga mfumo upya, na barua za wateja zote zikapotea. Tangu hapo watu wanamwogopa, na mimi pia naogopa kumwachia.

Mume wangu anasema wote warudi kwenye Windows kwa fundi wa mjini, kila mtu abebe lake, na nisifike Songea na simu za Tanga. Yule mzee naye, niliyemheshimu siku zote, aliposikia nahama akaniambia, "Mwanangu, umetuzalia mtoto, sasa unamwacha kabla hajatembea." Neno hilo limenikaa.

Niwarudishe kwenye Windows? Nimwachie kijana? Niendelee kuwasaidia kwa simu nikiwa Songea? Na nikianza kuwachangisha sasa, si nitaonekana niliwatega? Halafu nina daftari lenye nywila za kompyuta zote hizo. Nalo nilifanyeje?

Mwalimu wa hesabu, Tanga

*

Waalaikum salaam, mwalimu, na hongera sana kwa uhamisho. Umeusubiri, umeupata, na unastahili kuufurahia bila kuomba radhi kwa mtu.

Nikiielewa barua yako, unahama mji ambao watu kama thelathini wanakutegemea kwa kitu wanachokitumia kila siku. Uliwapa bure na kwa nia njema. Sasa unahisi kwamba kuondoka ni kuwatupa, na kubaki nao kwa simu ni kumnyima mumeo na maisha yako mapya nafasi. Hofu zote mbili zina msingi. Kabla ya kuchagua lolote, nakuomba tuyaangalie kwa utulivu mambo mawili matatu ambayo barua yako imeyachukulia kama yameshathibitika.

La kwanza ni kwamba watu hawa hawawezi bila wewe. Zisome tena simu ulizozitaja. Hazifiki thelathini tofauti. Ni matatizo manne, yanayozunguka kutoka nyumba hii hadi ile. Printa ya P1102 haitoi karatasi kwa sababu inahitaji kiongezi cha HP ambacho hakimo ndani ya Mint, maana si programu huria. Unaunganisha intaneti, unafungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, unaandika `hp-plugin -i`, unakubali masharti, unazima printa na kuiwasha. Siku mfumo ukipandishwa toleo, amri hiyo inarudiwa, kwa kuwa kiongezi lazima kilingane na toleo la HPLIP, programu ya printa za HP, lililomo. Dada wa steshenari anaendesha mashine ya fotokopi kutwa nzima, anavuta karatasi zilizonasa, anabadili wino. Je, amri hiyo moja kweli inamshinda, au hakuna aliyewahi kumwandikia?

Kile kioo cheusi cha madrasa nacho kinatisha kwa macho tu. Umeme ulikatika diski ikiwa inaandika, na mfumo unaomba ukaguzi kabla ya kuendelea. Juu ya neno (initramfs) huwa kuna mstari unaotaja sehemu ya diski yenye tatizo, tuseme /dev/sda2. Unaandika `fsck -y /dev/sda2`, unasubiri hadi imalize, unaandika `reboot -f`. Kosa la kawaida hapa ni kunakili amri ya kompyuta ya jirani: yake ni sda2, hii ni sda1, au nvme0n1p2. Kinachoandikwa ni kile kilichotajwa kwenye kioo chako. Na kama hali hii inajirudia kila wiki hata umeme usipokatika, fungueni programu ya Disks muangalie taarifa za SMART, yaani za afya ya diski, kwa sababu huenda diski yenyewe inakufa na kinachohitajika ni kunakili faili haraka. Kwa ofisi ya madrasa ningeulizia pia betri ya laptopu. Ikiwa imekufa kabisa, kila umeme ukikatika ni sawa na kuchomoa waya, na dawa ya kudumu ni betri nyingine au UPS ndogo.

Mtihani uliohama kurasa ni suala la fonti. Nyaraka nyingi za Word hutumia Calibri na Cambria, ambazo Mint haina ruhusa ya kuja nazo. Zipo Carlito na Caladea, zilizochorwa kwa vipimo vilevile vya upana, na zinapatikana kwa `sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`. Wengi huweka kile kifurushi cha fonti za Microsoft wakidhani wamemaliza. Kina Times New Roman na Arial, Calibri haimo. Na mtihani unaokwenda kuchapwa kwingine usafirishwe kama PDF, hapo haugusiki.

Diski iliyojaa, mara nyingi ni Timeshift, programu ya Mint ya kuhifadhi hali ya mfumo. Imewekwa ihifadhi picha za mfumo kila siku kwenye diski ileile ndogo, ikaijaza, na mtu hawezi hata kuingia. Mnabonyeza Ctrl, Alt na F3, mnaingia kwa jina na nywila, `df -h` inawaonyesha kilichojaa, `sudo timeshift --delete` inawapa orodha mchague cha kufuta. Baadaye ipunguzwe ibaki na picha mbili za wiki. Na hili watu wako walisikie wazi kutoka kwako kabla hujaondoka: Timeshift inahifadhi mfumo, kwa kawaida haigusi faili za mtu. Barua, picha na historia ya ukoo hazimo. Diski ikifa, vyote vimekwenda pamoja.

Hayo manne yanaingia kwenye karatasi mbili, kwa Kiswahili, herufi kubwa, kila tatizo likianza na kile mtu anachokiona kwenye kioo. Kiswahili cha kazi hii kipo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ila usitafsiri maandishi ya menyu wanazoziona kwa Kiingereza. Yaandike kama yalivyo kwenye kioo, maelezo ndiyo yawe Kiswahili, la sivyo mtu atatafuta kitufe ambacho hakipo.

La pili ni neno la mzee. Limekuuma kwa sababu unampenda. Lakini hebu mtazame: mstaafu ameuacha mfumo aliouzoea, anaandika kitabu kwenye mfumo mgeni. Huyo anatembea. Pengine alichotaka kusema ni kwamba anaogopa kupoteza maandishi yake, na hofu hiyo ina jibu. Mint inayo Backup Tool ndani yake. Achague nyaraka zake, azitume kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mwanawe. Tahadhari moja: programu hiyo hukusanya kila kitu katika faili moja, na flashi ya FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, hivyo kazi hukwama katikati. Flashi iumbizwe exFAT kwanza. Ukimfundisha hilo mwenyewe, yeye akiwa ameshika kipanya, huenda akakuaga kwa maneno mengine.

Sasa tuje kwenye njia ulizozitaja.

Shauri la mumeo nisingelipuuza, kwa sababu kwa baadhi ya watu huenda lina haki. Mwalimu anayetumia faili la matokeo lenye makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, anaweza kuhangaika: LibreOffice huendesha baadhi ya makro, nyingine hapana, na mbaya zaidi ni ile inayokubali kufanya kazi huku ikitoa nafasi zisizo sahihi. Fungua faili la muhula uliopita, bonyeza vitufe vyote, linganisha jumla na nafasi za wanafunzi kumi na zile zilizochapwa. Vikitofautiana, mwalimu huyo anahitaji Excel, na kumbakiza kwenye Mint kwa ajili ya msimamo wetu hakumsaidii. Vivyo hivyo kwa mwenye programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows pekee. Aliye na Windows 10 halali ya 22H2, toleo lake la mwisho, aulizie ule mpango wa Microsoft wa kuongeza masasisho ya usalama, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo swali linarudi. Hatari iko kwa wengine wote. Mafundi wengi wa mjini watapiga Windows ya kuchakachua, wakizima kinga ya virusi ili kiamshi, programu ya kuiamsha Windows bila leseni, kipite, na kompyuta inayohifadhi hesabu za akina mama inabaki wazi. Pia unawarudisha pale ulipowatoa bila kuwauliza. Wewe waulize, mmoja mmoja. Nadhani utashangaa wangapi hawataki.

Kuwasaidia kwa simu ukiwa Songea kunawezekana. RustDesk ni programu huria ya kuona na kuendesha kompyuta ya mbali, na Mint ya Xfce haisumbuani nayo kwa kuwa bado inatumia X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha. Lakini fikiria inapofika mwisho. Kompyuta iliyokwama kwenye kioo cheusi haifungui RustDesk. Iliyokosa intaneti vivyo hivyo. Bando linaliwa pande zote mbili, na wewe utakuwa unaona barua na hesabu za watu. Kubwa zaidi, saa tano ya usiku itakufuata. Ukiichagua njia hii, jiulize kama unaweza kuifunga kwa mipaka: mtu mmoja tu wa Tanga ndiye anayekupigia, siku moja ya wiki, baada ya wao kujaribu karatasi zao. Hilo lizungumze na mumeo kabla, maana nyumba ni ya wawili.

Njia ambayo barua yako haikuitaja ni kuwakutanisha. Hadi sasa kila mmoja anakufahamu wewe. Wao kwa wao huenda hawajui kwamba wana kompyuta za aina moja. Amsterdam mwaka 2009 ulianza mtindo unaoitwa Repair Café: watu wanaleta vitu vibovu mahali pamoja na kuvitengeneza wakiwa na wajuzi, na mwenye kitu hakiachi mezani akaondoka. Mwaka 2025 kampeni ya End of 10 iliwaelekeza watu wenye Windows 10 kwenye misaada ya jirani ya namna hiyo. Kwa Tanga inaweza kuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu hadi saa sita, steshenari au kwenye baraza la madrasa. Kanuni iwe moja na isivunjwe: mwenye kompyuta ndiye anayeshika kipanya na kuandika, anayesaidia anakaa mikono kifuani. Inachosha, inachelewesha, na ndiyo inayofanya mtu aende nyumbani anajua.

Siku hiyo mtaokoa na bando. Kompyuta moja ya steshenari iwekwe `apt-cacher-ng`, programu ya kutunza masasisho yaliyoshushwa; ya kwanza ikishusha masasisho, nyingine zote zinayachukua humo kwa Wi-Fi ya ndani badala ya intaneti. Kila laptopu inaongezewa faili `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy` lenye mstari `Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`, namba za mwanzo zikiwa anwani ya hiyo kompyuta ya steshenari. Faili hilo lifutwe kabla mtu hajaondoka, kwa sababu akifika nyumbani laptopu itaitafuta anwani isiyokuwepo na masasisho yatagoma, naye atasema Linux imeharibika. Programu za Flatpak, vifurushi vinavyoshushwa kwa njia yake tofauti, hazipiti humo, hizo zitakula bando kama kawaida.

Vikundi kama hivi vina udhaifu wake. Mwezi wa kwanza wanakuja wengi, wa nne wanakuja wenye matatizo tu. Mjuzi mmoja anaweza kuwa wewe mwingine, akachoka vilevile. Ndiyo maana ningeanza na watu watatu, kila mmoja na eneo lake: dada wa steshenari achukue printa, mwalimu mwenzako achukue nyaraka na fonti, kijana achukue diski na kuwasha.

Najua kijana anakutia hofu. Lakini alichokifanya ndicho wanachofanya mafundi wengi wenye uzoefu, na hujasema kama kuna aliyewahi kumfundisha utaratibu. Mpe mmoja: hakuna kupiga mfumo upya kabla ya kuiwasha kompyuta kwa flashi ya Mint, kunakili folda yote ya mtumiaji iliyomo ndani ya /home kwenye diski ya nje, kubonyeza Ctrl na H ili mafaili yaliyofichwa kama `.mozilla` na `.thunderbird` yaonekane na yaende pia, na kufungua mafaili matatu kwenye nakala mwenye kompyuta akiwa anatazama. Mwenye kompyuta ndiye anayesema endelea. Muda uliobaki hadi mwezi wa sita unatosha kumwona akifanya hivyo mara kadhaa ukiwa pembeni yake. Ukimwona bado ana haraka, utajua. Ukimwona ametulia, watu watamrudia kidogo kidogo, hasa wewe ukiwa ndiye uliyemleta mezani.

Kuhusu michango, sioni mtego. Leseni ya GPL inayolinda kiini cha Linux inaruhusu waziwazi kutoza kwa kazi na kwa nakala. Wewe ulichagua kutotoza, na ulilipa gharama hizo kwa mshahara wako. Mchango mdogo wa flashi, bando la siku ya mkutano na nauli ya kijana, ukiandikwa kwenye daftari ambalo kila mtu anaweza kulisoma, akina mama washonaji watauelewa haraka kuliko wote kwa sababu vikoba vinawafundisha hivyo. Kinacholeta ugomvi ni pesa inayokusanywa na mtu mmoja bila maandishi, au kumtoza mzee sawa na mwenye biashara. Hilo mliamue wenyewe mkiwa mmekaa, na ni bora likaamuliwa ukiwa bado upo.

Limebaki daftari la nywila. Ulilianzisha kwa kuwasaidia wanaosahau, lakini likipotea njiani kati ya Tanga na Songea, kompyuta thelathini zinaweza kufunguliwa na asiyehusika, na kijana akikabidhiwa, kosa lolote atasingiziwa yeye. Siku ya mkutano kila mmoja afungue terminali aandike `passwd` na kuweka mpya, bila wewe kuitazama. Atakayeisahau bado ana njia: anawasha kompyuta akibonyezabonyeza Esc, au akishikilia Shift kwenye za zamani, anachagua Advanced options, kisha recovery mode, kisha root, anaandika `mount -o remount,rw /` na halafu `passwd` likifuatiwa na jina lake la kuingilia. Baada ya hapo kisanduku cha keyring, kinachotunza nywila zilizohifadhiwa, kitaendelea kudai nywila ya zamani. Kikifutwa kinaundwa kipya, ila nywila zilizokuwa zimehifadhiwa humo zinapotea. Kama katika zile thelathini ipo ambayo uliisimba diski yake yote, njia hii haiifungui kabisa. Mwenye hiyo aiandike nywila yake kwenye karatasi na kuifungia pamoja na hati zake nyumbani. Kisha kurasa za daftari unazichana mbele yao.